Nini Kizikwe na Nani Ashike Ramani



Tangu lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ipite mbele ya nyumba zetu, swali moja linarudi kila penye kikao. Kwa nini nguzo zimesimama kando ya barabara nzuri namna hii? Kwa nini nyaya zisizikwe? Anayetoka Dodoma hueleza Mji wa Serikali wa Mtumba, ambako mpango tangu mwanzo ulikuwa kupitisha umeme chini ya ardhi, na anauliza kama Halmashauri ya Mji wa Ifakara haiwezi kutoa sharti kama hilo kwa Kidatu, Sanje, Mkula na Mang'ula.

Swali ni halali, na nakuja na jibu ambalo huenda lisiwafurahishe wote. Sharti linahitajika, tena mapema. Lakini lisiwe sharti la kuzika kila waya. Lianze na mambo mawili ambayo hayang'ai: ramani ya kila kilichozikwa, na bomba tupu chini ya kila barabara kabla haijawekwa lami. Waya wenyewe uzikwe mahali pachache, kwa sababu ambazo mwananchi yeyote akiziuliza tunaweza kumjibu. Kwa sehemu kubwa iliyobaki, ubaki juu, ukiwa umefungwa vizuri zaidi ya ulivyo sasa.

Bonde hili si geni kwa kazi za chini ya ardhi. Mitambo ya Kidatu, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 na kufikia megawati 204 baada ya awamu ya pili, imo ndani ya mwamba, na maji huifikia kwa handaki refu lililochongwa mlimani. Mitambo ya Kihansi, megawati 180, nayo imo ndani ya mlima. Kule chini umeme unazaliwa, kisha unatoka nje na kupanda minara ya kilovolti 220, unapita bondeni na kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Na kwenye mkoa wetu huu linapita bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, kilomita zipatazo 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Limezikwa karibu njia nzima, na limedumu zaidi ya nusu karne. Limedumu kwa sababu mkuza wake unajulikana: una alama, una wakaguzi, na yeyote anayetaka kujenga au kulima karibu nao anaweza kuonyeshwa ulipo.

Sasa tazameni kilichozikwa hapa kwetu. Maji yetu mengi ni ya mserereko. Yanakingwa kwenye vijito vya Udzungwa, yanashuka kwa mabomba hadi kwenye tangi, na kutoka tangi hadi vituo na nyumba. Njia za mabomba hayo ziko wapi hasa? Ziko kichwani mwa wazee waliochimba, na mwa fundi wa chombo cha watumia maji anayekumbuka kwamba laini inakata kona pale penye mwembe. Mwembe ukikatwa, kona imepotea. Kebo za mawasiliano zinaongezeka mwaka hadi mwaka. Sehemu ya Mkongo wa Taifa imening'inizwa juu kabisa ya minara ya umeme mkubwa, ndani ya ule waya wa kukinga radi, na sehemu nyingine imezikwa kando ya barabara. Kampuni moja ikizika leo, nyingine itakuja kuzika kesho, na ya kesho itachimba palepale ilipochimba ya leo.

Sababu ya kugongana huku ni jiografia. Sanje yetu imebanwa. Magharibi kuna mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, ambao hakuna anayeweza kuusogeza ili apate nafasi ya mtaro wake. Mashariki kuna miwa, kuna mpunga, na kuna ardhi inayoshuka kuelekea mbuga za Kilombero. Katikati tuna ukanda mwembamba wa makazi, barabara na reli ya TAZARA. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na kila mwenye bomba au waya anaiona hifadhi hiyo kama njia yake ya asili. Barabara kuu ni ya TANROADS. Za ndani ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2019, pamoja na vyombo vya jamii vinavyoyaendesha. Umeme ni wa TANESCO, na miradi ya kuupeleka vijijini inasimamiwa na REA. Mawasiliano yana wenyewe, wengi. Kila mmoja ana mhandisi wake, mkandarasi wake na michoro yake ofisini kwake. Ardhi ni moja.

Niseme kwanza kwa nini watu wana haki ya kutamani nyaya zizikwe, maana sababu zao ni nzito.

Miwa huchomwa kabla ya kuvunwa. Kila msimu tunauona moshi. Moto wa miwa ukipita chini ya laini, hatari haiko kwenye kuungua kwa nguzo peke yake. Hewa ndiyo inayotenganisha waya na waya. Ikipashwa joto na kujaa masizi, nguvu yake ya kuzuia umeme inapungua, na umeme unaruka kutoka waya mmoja hadi mwingine au hadi ardhini. Swichi ya kituo inakata, na laini nzima inazima ingawa hakuna kilichokatika. Kwa miaka mingi Ifakara ilitegemea laini ndefu ya kilovolti 33 kutoka Kidatu, kwa hiyo moto wa shamba huku juu uliweza kuzima taa za Ifakara, pamoja na wodi na maabara zake. Kituo cha kupoza umeme cha Ifakara, kilichojengwa kupitia REA kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, kimeifupisha safari hiyo kwa kuchukua umeme moja kwa moja kutoka laini kubwa ya Kihansi na Kidatu. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini haijaondoa moto, wala upepo, wala mti unaoangukia waya wakati wa masika.

Kuna pia wanyama, na hapa naomba tusiharakishe, kwa sababu jina la Sanje linajulikana duniani kwa ajili yao. Nyani wetu mdogo wa msituni, ambaye wenyeji humwita ng'olaga, alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu, na jina lake la kitaalamu limebeba jina la kijiji hiki. Mbega wekundu wa Udzungwa hawapatikani popote nje ya milima hii na misitu ya karibu yake. Wanyama wanaotembea juu ya matawi hawatofautishi tawi na waya. Tunajua matokeo yake kutokana na Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Kule hoteli na nyumba zilijengwa ndani ya msitu wa mbega weusi na weupe, na mbega waliokuwa wakivuka kwa kutumia nyaya wakawa wanaungua na kufa. Shirika la uhifadhi wa mbega, lililoanza mwaka 1997, limefanya kazi ya miaka mingi: kupunguza matawi karibu na laini, kufunika nyaya kwa maganda ya kuzuia umeme penye vifo vingi, na kutundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugusa waya wala gari. Kazi hiyo yote inatibu jeraha lililotokana na laini kupitishwa kwanza na kufikiriwa baadaye. Sisi bado tunaweza kufikiria kwanza.

Kama sababu ni nzito kiasi hicho, kwa nini basi nisiseme tuzike zote?

Nitajibu kwa kisa cha Zanzibar. Unguja imekuwa ikipata umeme wa Bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kebo ile ya kwanza ilikuwa ya megawati 45. Ilifanya kazi kimya kwa karibu miaka 30, na kwa kuwa ilikuwa kimya, kisiwa kilikua na kuiegemea yote. Mwezi Mei mwaka 2008 ikaharibika, na Unguja ikakaa bila umeme huo karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena. Safari hii giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Fikirini miezi mitatu bila pampu za maji. Hoteli ziliwasha jenereta, wenye uwezo wakafuata, na wengine wote wakabeba ndoo. Utafiti uliofanywa baadaye kuhusu giza lile la mwezi mmoja ulikuta kwamba watoto waliozaliwa miezi kadhaa baadaye walikuwa na uzito mdogo kuliko kawaida, kwa sababu familia zilizotegemea kazi za umeme zilipoteza kipato wakati akina mama ni wajawazito. Kebo mpya ya megawati 100 ilianza kazi mwaka 2013, na ya zamani ikabaki kando yake.

Kebo ya bahari si kebo ya mtaani, nakubali. Lakini tabia yao ni moja. Waya wa juu huharibika mara nyingi na hutengenezwa haraka: fundi anafuata laini kwa pikipiki, anaona tawi, anapanda, na kabla ya jioni umeme umerudi. Kebo iliyozikwa huharibika mara chache, lakini siku ikiharibika huwezi kuona ilipoumia. Lazima ije mashine ya kutuma mshindo wa umeme na kupima muda wa mwangwi wake, ije timu inayojua kuisoma, pachimbwe, kebo ikatwe sehemu mbovu, na jointi mpya ifungwe na mtu aliyefunzwa, mahali pakavu na pasafi. Vifaa hivyo havikai Sanje. Kwa hiyo anayetaka kuzika laini kuu ni lazima aulizwe: ikiharibika, umeme utapita njia gani nyingine? Bila jibu la swali hilo, kuzika ni kubadilisha giza fupi la mara nyingi kwa giza moja refu.

Halafu ardhi yetu. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na sote tunajua maana yake kwa miguu yetu. Masika ya 2024 Mto Lumemo uliingia tena Ifakara. Plastiki inayozunguka kebo za siku hizi ni nzuri, lakini ikikaa ndani ya maji miaka mingi huku umeme ukipita, unyevu hupenya kidogo kidogo na kufanya nyufa ndogo zenye matawi ndani ya plastiki, mpaka siku moja umeme unapata njia. Jointi ndiyo huumia kwanza. Udongo mweusi wa mbugani nao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kila msimu huvuta bomba na kebo huku na huku. Upande wa mlimani tatizo ni jingine. Vijito vimeshusha mawe kwa karne nyingi, na mtaro wa mita 1 kwenye mawe hayo ni kazi ya sururu na mtaimbo. Mkandarasi aliyechoka huishia nusu mita na kufukia.

Na kuna fedha. Wahandisi wengi hukadiria kwamba laini ya kusambazia umeme ikizikwa hugharimu mara 5 hadi 10 ya laini ya juu, kutegemea ardhi. Uholanzi imezika karibu laini zake zote za kusambazia umeme, lakini ni nchi tajiri, yenye watu waliosongamana na udongo laini usio na mawe. New York ilifika huko kwa shuruti. Sheria ya mwaka 1884 iliagiza nyaya zishuke chini, na kampuni zikapiga danadana. Machi 1888 tufani ya theluji iliangusha nguzo na kulitenga jiji. Oktoba 1889 fundi aliyeitwa John Feeks aliungua hadi kufa juu ya mtandao wa nyaya mchana kweupe, umati ukitazama. Baada ya hapo jiji likazidi kukata nguzo na nyaya. Watu wanapenda kunukuu New York kama ushahidi kwamba sharti la mji hufanya kazi. Wasisahau kwamba sharti lilikuwepo miaka 5 kabla ya kifo hicho na halikuwa limetekelezwa kikamilifu, kwa sehemu kwa sababu liliagiza kuzika bila kwanza kuandaa mahali pa kuzikia.

Hapa kwetu mteja wa kijijini ameunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Bei hiyo imeingiza taa ndani ya nyumba ambazo zisingepata umeme kwa namna nyingine. Sharti lolote litakalomtwisha mwenye nyumba gharama ya kuzika waya wake, hata kwa mlango wa nyuma wa kibali cha ujenzi, litarudisha koroboi. Nitapinga sharti la namna hiyo popote nitakapolisikia.

Basi pa kuzika ni wapi? Naona mahali pa aina tatu, na kila mahali pana sababu yake. Kwanza, penye mpaka wa msitu, pale matawi ya hifadhi yanapokutana na paa za nyumba, na penye njia za wanyama kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere. Hapo vipande ni vifupi na faida ni kubwa. Hata pale fedha za kuzika zisipopatikana, nyaya za nyumbani ziwe zile zilizosokotwa pamoja zenye maganda, ambazo mafundi huziita ABC, badala ya nyaya nne zilizo uchi. Mbega akizigusa hafi, tawi likiziangukia hazizimi, na mtu akitundika ndoano ya kuiba umeme hapati kitu kwa urahisi. Pili, penye watoto na msongamano: mbele ya shule, zahanati, soko na stendi, mahali ambapo nguzo iliyogongwa na lori la miwa inaweza kuangusha waya juu ya watu. Tatu, penye mivuko ya barabara kuu, ambako malori marefu hupita na waya unaokatiza juu ni hatari usiku na mchana.

Palipobaki, laini isimame juu, lakini isimame sawasawa. Nguzo za zege badala ya miti penye maji na penye moto, na ukanda usiopandwa miwa chini ya laini. Wakulima wadogo wa miwa wanaweza kukubali jambo hilo wakishirikishwa na wakilipwa haki yao ya ardhi. Katika mashamba sizungumzii kuzika kabisa. Trekta la kupasua ardhi ya miwa linaweza kushusha jino lake zaidi ya nusu mita, na kebo iliyofukiwa kivivu iko palepale jino linapofika. Ikilazimu kupita shambani, ifuate barabara ya shamba, na ishuke zaidi ya mita 1.

Sasa nirudi kwenye bomba tupu, maana ndilo jambo la bei rahisi kuliko yote niliyotaja, na ndilo linalosahauliwa.

Barabara ikiwa bado ya udongo, kulaza bomba la plastiki la kipenyo cha milimita 110 kutoka upande mmoja hadi mwingine ni kazi ya vijana wachache na koleo. Likae mita 1 hivi chini ya uso wa barabara itakayokuja, ncha zake zivuke mitaro ya pande zote mbili, zizibwe ili panya na matope yasiingie, ndani iachwe kamba ya kuvutia kebo, na nje kisimikwe kijiti cha zege chenye alama. Yalazwe mawili au matatu pamoja, kwa umeme, kwa maji na kwa mawasiliano. Gharama yake ndani ya bajeti ya barabara haionekani. Barabara ikishawekwa lami, hesabu inageuka. Ama ulete mashine ya kutoboa chini kwa chini, au uikate lami. Kiraka cha lami hakirudi kuwa lami. Maji ya masika yanaingia kwenye mshono wake, msingi unalainika, magurudumu ya malori ya miwa yanamalizia, na baada ya misimu michache lipo shimo ambalo TARURA au TANROADS inalipia kwa kosa la mwingine. Dar es Salaam waliiona hesabu hii kwa ukubwa wake wakati wa kujenga barabara za mabasi yaendayo haraka, pale ilipobidi mabomba ya maji, nyaya za umeme na za simu zihamishwe kwanza kabla kazi ya barabara haijasonga.

Kwa lami kuu iliyopita mbele yetu, nafasi hiyo rahisi imepita. Lakini barabara za ndani za Sanje, za kwenda shule, za kwenda mtoni, za vitongojini, nyingi bado ni za udongo. Ndizo zitakazofuata. Sharti likisema kwamba hakuna barabara ya ndani itakayowekwa lami au kokoto ngumu bila mabomba matupu kila baada ya mita 150 na kwenye kila njia panda, tutakuwa tumewapa watoto wetu uwezo wa kuzika waya siku watakapokuwa na fedha, bila kuvunja walichokuta.

Halmashauri inao uwezo wa kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaipa mamlaka ya mji nafasi ya kutunga sheria ndogo, zikapata kibali cha Waziri na kutangazwa. Sheria ndogo haiwezi kumwamuru mhandisi wa TANROADS ndani ya hifadhi ya barabara kuu, wala kupanga bei ya umeme. Inaweza kusema nani anaruhusiwa kuchimba ndani ya mji na kwa masharti gani, na penye barabara za TANROADS na TARURA inaweza kuungwa na makubaliano ya maandishi. Sioni sababu ya taasisi hizo kukataa makubaliano yanayolinda lami yao.

Katika sharti hilo ningetaka upande uamuliwe mara moja. Maji yetu yanatoka mlimani, kwa hiyo bomba kuu la maji likae upande wa mlima wa barabara, na umeme na mawasiliano vikae upande wa bonde. Vikikutana kwenye mivuko, bomba la maji na kebo ya umeme vitengwe kwa angalau sentimita 30. Kebo ya umeme ilale juu ya mchanga laini, ifunikwe mchanga, juu yake vipande vya zege, na juu ya hivyo utepe wa rangi wa tahadhari, ili jembe likutane na utepe kabla ya kukutana na kifo. Mkandarasi aache amana Halmashauri kabla ya kuchimba. Amana isirudi mpaka mambo mawili yatimie: masika moja ipite bila mtaro wake kutitia, na ramani ya alichozika iwasilishwe.

Ramani hiyo isiwe ile ya mpango, iliyochorwa ofisini kabla ya kazi. Iwe ya kilichofanyika, ikionyesha kina, kona, jointi na valvu, na vipimo vichukuliwe kutoka vitu visivyohama: bikoni, kona ya kalavati, nguzo ya kilomita ya barabara. Miti na vibanda visitumike. Nakala moja ikae kwa mhandisi wa Halmashauri, moja kwa mtendaji wa kata, na moja kwa chombo cha maji. Na mtu yeyote anayetaka kuchimba zaidi ya nusu mita kando ya barabara, awe kampuni ya simu au mwenye nyumba anayechimba shimo la choo, apite kwanza ofisi ya kata aangalie. Huduma hiyo iwe bure. Ikilipiwa, watu watachimba usiku.

Najua kuna atakayesema hatuna watumishi wa kusimamia haya. Kumbukumbu yenyewe ni kabati moja, rejista moja, na simu yenye kipimo cha mahali. Kazi kubwa ni ya mwanzo: kuorodhesha vilivyokwisha kuzikwa bila karatasi, na kazi hiyo haihitaji kusubiri sheria ndogo. Kati ya Julai na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na majani yamepungua, kamati ya maji, mtendaji na mafundi wawili wa umeme wanaweza kutembea kuanzia daraja la Mto Sanje, kusini na kaskazini, wakiwa na wale wazee waliochimba mitaro ya kwanza. Wazee waonyeshe, vijana wapime, mtendaji aandike. Baadhi ya wazee hao wamo humu ukumbini leo. Wengine tumeshawazika, na njia za mabomba walizozijua sasa hupatikana kwa kuchimba na kukosea.

Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai, kwa hiyo nawaomba madiwani wetu gharama ya rejista na ya mabomba matupu iingizwe kwenye maombi ya mwaka ujao, kila barabara kwa jina lake. Niko tayari kwa maswali, na kama Mwenyekiti ataridhia, ningependa tuanze na kamati ya maji.